Saa 45 ni za mwajiri, zilizobaki ni za nani?

  

Ndugu msomaji, mfugaji wa Tarime huwahesabu ng'ombe wake kila jioni wanaporudi zizini, na mfanyabiashara wa Sirari hafungi duka kabla ya kuhesabu mauzo ya siku. Mali tunaihesabu. Saa tulizopewa na Mwenyezi Mungu, ambazo kila mja ataulizwa amezimalizia wapi, ni wachache wanaozihesabu, na wengi wa hao wachache huanza kazi hiyo siku wanapokabidhiwa barua ya kustaafu. Katika makala haya tunakusudia kuifanya hesabu hiyo mapema, tukiwatazama Waislamu wa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara.

Tumezichagua wilaya hizi mbili kwa kuwa zimekusanya karibu kila aina ya siku ya kazi inayopatikana nchini. Kuna watumishi wa halmashauri, walimu na wauguzi. Kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2002, na kuna wachimbaji wadogo wanaoamka kwa matumaini tu. Upande wa Serengeti kuna hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951, na hoteli na kambi za wageni zinazowaajiri vijana wa Mugumu na vijiji vya jirani. Kisha kuna walio wengi kuliko wote, nao ni wakulima na wafugaji. Zaidi ya hayo, Waislamu katika eneo hili ni wachache tukilinganisha na ndugu zao wa Tanga au Unguja. Kule pwani adhana humfikia mtu hata kama hakuitafuta, na siku nzima hupangika kwa adhana tano. Huku mtu anaweza kufanya kazi mchana kutwa bila kuisikia hata moja. Asipojipangia mwenyewe, hakuna wa kumpangia.

Tuanze na sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku na siku 6 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni kazi ya ziada, ambayo hufanywa kwa makubaliano, haipaswi kuzidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine anastahili saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo. Kwa mwaka anastahili likizo ya siku 28. Watumishi wa serikali katika ofisi nyingi wana wepesi zaidi, kwani huingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani saa 40.

Wiki nzima ina saa 168. Tutoe 45 za mwajiri. Tutoe saa 56 za usingizi, tukimpa mtu saa 8 kila usiku, ingawa wengi hawazifikii. Sala tano, kila moja na udhu wake na sunna zake, tuziwekee robo saa robo saa. Hiyo ni saa moja na robo kwa siku, karibu saa 9 kwa wiki, na tukiongeza khutba ya Ijumaa hazizidi 10. Zinabaki saa 57. Ndugu msomaji, mwajiri ambaye kila siku tunamlalamikia kwamba ametumaliza, amechukua saa 45. Saa 57 zimebaki mikononi mwetu. Kuna njia ya kwenda na kurudi, kuna chakula, kuna maradhi na misiba, hatukatai. Hata hivyo mtu akae na familia yake ajiulize: katika hizo 57, ngapi huwafikia mke na watoto?

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kisa cha Salman Al-Farisi (R.A.), aliyemtembelea ndugu yake Abu Dardaa (R.A.) akamkuta mkewe hajijali, kwa kuwa mumewe mchana hufunga na usiku husimama kwa ibada. Salman alimkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimsadikisha Salman. Tuzingatie kuwa kilichomshughulisha Abu Dardaa kilikuwa ibada, na bado akaambiwa kuna wengine wanaomdai. Sisi tunaoshughulishwa na mshahara, na baada ya mshahara na kijiwe cha kahawa, tutajibu nini?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndugu zetu wa kule wameliishi lakini ni nadra kuandikwa gazetini. Jua halichwi saa moja nchi nzima. Tarime na Mugumu ziko mbali magharibi ya Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo jua hufika utosini kule dakika 20 hivi baada ya kufika utosini Dar es Salaam. Wakati wa Adhuhuri Tarime huingia kati ya saa 6:26 na saa 6:57 mchana, mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa zaidi katikati ya Februari. Alasiri huingia kama saa 9:35 hadi 10:20. Magharibi ni kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:00 usiku, na Alfajiri ni kama saa 11:10 hadi 11:40. Anayeswali kwa kufuata adhana ya redioni kutoka Dar es Salaam huenda akaswali Adhuhuri kabla ya wakati wake, na katika Ramadhani akafuturu jua lingalipo. Hili viongozi wa misikiti ya kule wanalijua. Wageni wanaohamishiwa kikazi kutoka pwani ndio tunaowakumbusha.

Dakika hizo zina uzito kwa mfanyakazi. Sehemu nyingi za kazi hutoa mapumziko ya chakula saa 6:00 hadi 7:00 mchana. Dar es Salaam, aliyetoka saa 6:00 ana nafasi ya kula na kuswali Adhuhuri mwaka mzima. Tarime, mwezi wa Februari, atakuwa amekula, ameongea, na wakati wa sala utaingia zikiwa zimebaki dakika tatu nne arudi kazini. Dawa yake ni ndogo: kuomba mapumziko yawe saa 7:00 hadi 8:00. Sheria inataka dakika 60. Haikutaja lazima ziwe saa ngapi, bora mtu asikae zaidi ya saa 5 bila mapumziko, na aliyeingia saa 2:30 asubuhi anaweza kuomba hivyo bila kuvunja kitu. Kwa siku ya Ijumaa mpangilio huo ndio unaomwezesha kuiwahi khutba. Ombi kama hilo likipelekwa kwa adabu, kwa maandishi, na Waislamu wa sehemu hiyo kwa pamoja, mara nyingi husikilizwa. Mnung'uniko wa pembeni hauwezi kusikilizwa, kwa kuwa haujafika popote.

Mtumishi wa halmashauri, ukiacha Ijumaa, ana sala moja tu ndani ya saa zake za kazi. Adhuhuri humkuta ofisini. Alasiri huingia akiwa ameshatoka. Kwa mtu huyu hatuoni udhuru, na tunasema hivyo tukijua kuwa wasomaji wetu wengi ni watumishi.

Hali ya wafanyakazi wa zamu ni nyingine. Katika kazi za migodi, zamu ya saa 12 ni jambo la kawaida duniani. Sheria yetu inairuhusu kwa makubaliano ya maandishi, mradi ndani ya saa hizo 12 muda wa kula uhesabiwe, siku zisizidi 5 kwa wiki na saa za kawaida zisizidi 45. Tumchukue anayeingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni. Zamu nne kwa wiki, tukitoa saa ya chakula, ni saa 44, kasoro saa moja tu ya kiwango cha sheria. Kwenye karatasi hajazidishiwa. Lakini ndani ya zamu hiyo zimo Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi humkuta kwenye basi la wafanyakazi. Anaposhuka nyumbani watoto wadogo wanasinzia.

Wa usiku ana mtihani mkubwa zaidi. Kutoka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi zimo Magharibi, Isha na Alfajiri, sala tatu katika tano. Sheria humpa nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Tumwambie jambo lenye faida: kule Tarime jua halichomozi kabla ya saa 12:20 asubuhi, na mwezi wa Februari huchelewa hadi saa 12:50. Kwa hiyo anayetoka saa 12:00 bado ana wakati wa Alfajiri, ila si mrefu. Aswali kabla ya kupanda basi, maana mwezi wa Novemba safari ya nusu saa inatosha kumpotezea sala. Na mchana, atakapolala, nyumba nzima ihifadhi usingizi wake. Mke anayewanyamazisha watoto kwa ajili hiyo anafanya ibada, na mume akiamka amshukuru kwa maneno, si kwa kudai chai.

Upande wa Serengeti, siku ya kazi hupangwa na wanyama. Kati ya Julai na Oktoba makundi ya nyumbu huwa kaskazini ya hifadhi, na kuvuka kwao Mto Mara huwaleta wageni kutoka kila pembe ya dunia. Hiyo ndiyo miezi ambayo mhudumu wa hoteli, mpishi na dereva hawana nafasi hata ya kupiga simu nyumbani. Wafanyakazi wa kambini hukaa huko wiki kadhaa mfululizo, kisha hurudi kupumzika. Hapa swali la kifiqhi hujitokeza mara kwa mara: je, waswali sala ya msafiri? Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu, aliyekusudia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya usafiri imemwondoka. Mpishi aliyepangiwa kambini wiki sita, basi, huswali sala zake kamili. Dereva anayetoka Arusha na wageni na kulala kambi hii leo na ile kesho ana hukumu nyingine. Huyo anaweza kufupisha na kujumuisha kwa masharti yake. Na sala ya Ijumaa, ambayo kwa madhehebu hayo huhitaji wakazi 40, haiwezi kusimamishwa na Waislamu saba wa kambini. Wao huswali Adhuhuri, na wakiiswali kwa jamaa ni bora zaidi. Mwenye mashaka zaidi amuulize sheikh wa mji wake.

Saa zote tulizozihesabu hadi sasa ni za watu wenye mikataba. Tumeacha nyuma walio wengi. Mama wa kijijini Tarime au Ngoreme huamka kabla ya Alfajiri. Ng'ombe wanasubiri kukamuliwa, maji hayajachotwa, kuni hazijakatwa, mtoto wa shule hajala. Asubuhi yuko shambani kwenye mahindi, mihogo au migomba. Kwenye nyanda za juu za Tarime kuna kahawa pia. Jioni anarudi kwenye moshi wa jiko. Tukimhesabia saa 12 tu kwa siku, kwa siku zote 7, tunapata saa 84 kwa wiki, karibu mara mbili ya zile 45. Yale mapumziko ya saa 24 mfululizo hajawahi kuyaona tangu aolewe. Hana kikomo cha miaka 60, wala barua ya kumshukuru kwa utumishi uliotukuka.

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) hufanya nini anapokuwa nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kuswali. Mtume huyo alikuwa kiongozi wa dola, mwalimu, hakimu na amiri jeshi. Mwanamume wa Kiislamu wa leo anayerudi saa 10 alasiri na kuketi kivulini hadi Magharibi huku mkewe akibeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, anafuata sunna ya nani? Wapo watakaosema hiyo ndiyo mila ya Kikurya. Sisi tunaona uvivu huo uko pwani pia, na kabila hauna.

Na tuligeuze jicho ndani ya nyumba zetu za mjini. Yule msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini ni mwajiriwa kama mwajiriwa mwingine, na sheria ile ile ya mwaka 2004 inamhusu. Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Saa zake 45 huwa zimekwisha siku ya Jumatano. Muislamu anayelalamika kazini kwamba amenyimwa nafasi ya Ijumaa, kisha nyumbani kwake msichana hana siku ya kupumzika wala muda wa kuswali, ajue kuwa malalamiko yake yanasikika mbinguni pamoja na ya huyo msichana. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, haki ya kupumzika nayo haiko mbali na hapo.

Wenzetu wa nchi nyingine wamepanga namna mbalimbali. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 48 kwa wiki kwa wafanyakazi wa viwandani. Ufaransa ilishuka hadi saa 35 mwaka 2000. Oman, ambako ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wanaishi na kufanya kazi, kwa sheria yake ya kazi ya mwaka 2023 imeweka saa 40 kwa wiki, na kwa Muislamu katika mwezi wa Ramadhani zisizidi 6 kwa siku na 30 kwa wiki. Ni jambo zuri, ingawa hakuna sheria ya nchi yoyote iliyowahi kumlazimisha baba kuzitumia saa alizopunguziwa kwa kukaa na wanawe.

Tufike kwa mstaafu, ambaye ndiye aliyetusukuma kuandika haya yote.

Katika utumishi wa umma mtu anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Mafao yake hulipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko kadhaa. Walio sekta binafsi wako NSSF. Mjadala wa kikokotoo umeendelea miaka mingi. Kanuni za mwaka 2018 zilizoweka malipo ya mkupuo ya asilimia 25 zilisitishwa mwezi Desemba mwaka huo huo, mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa tena, hadi 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine. Hayo yamejadiliwa sana, bungeni na vijiweni, na ni haki yajadiliwe. Kikokotoo cha saa hakijadiliwi. Siku ya kustaafu, yale masaa 40 au 45 ambayo mwajiri alikuwa akiyachukua kila wiki kwa zaidi ya miaka 30 hurudishwa yote kwa pamoja, asilimia mia, bila makato.

Wengi huanguka hapo. Mtu amezoea kuamkiwa na watu langoni, kusaini karatasi, kuitwa "mkuu". Jumatatu ya kwanza anaamka saa 11 kwa mazoea, anaoga, anavaa, kisha hajui aende wapi. Miezi michache ya mwanzo hupita kwa kununua gari la abiria au kufungua duka, bila uzoefu wa biashara hizo. Wengine huongeza mke kwa fedha za mkupuo, na fedha zikiisha ndipo huulizana uadilifu uko wapi. Hayo yanasemwa sana. Tunaloliona kubwa zaidi ni jingine. Mtumishi aliyepangiwa vituo vya mbali, au mfanyakazi wa mgodini na hifadhini aliyeonekana nyumbani siku chache kila mwezi, anarudi kwenye nyumba ambayo imeshajifunza kuishi bila yeye. Mkewe amelea watoto, amejenga, amezika, ameoza, yote kwa simu na pesa za kutumiwa. Watoto humheshimu kama mgeni anavyoheshimiwa: wanasimama akiingia, wananyamaza akikaa, na wakiwa na shida humfuata mama. Naye huona wamefundwa wamchukie. Hakuna aliyewafunda. Saa zile 57 kila wiki hazikuwafikia, na kwa miaka 30 zimekuwa zaidi ya saa elfu themanini.

Mkulima mzee wa Serengeti hana tatizo hilo. Hakuwahi kuondoka, kwa hiyo hana pa kurudi. Akiwa na miaka 75 bado ana kijembe chake, hata kama analima tuta moja kwa siku. Anawajua ng'ombe kwa majina, wajukuu humzunguka, na katika kikao cha wazee kiti chake kinajulikana. Anachokikosa ni fedha. Zanzibar, tangu mwaka 2016, kila mzee aliyefikisha miaka 70 hupewa pensheni jamii, iliyoanza na Sh. 20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara haina mpango wa namna hiyo kwa wazee wote. Mzee huyu bima yake ni watoto wake, na hapa tunawakumbusha walioko mijini kuwa kumtumia baba yao fedha kwa ajili ya dawa ni wajibu wao kwake.

Mkoa wa Mara una mfano wake mashuhuri wa kustaafu. Mwalimu Julius Nyerere, ingawa hakuwa wa dini yetu, aling'atuka urais mwaka 1985 na akaweka makazi yake Butiama, akalima, na bado akapata nafasi ya kusuluhisha mgogoro wa Burundi hadi karibu na kifo chake mwaka 1999. Alhaji Ali Hassan Mwinyi, aliyempokea kijiti, aliondoka Ikulu mwaka 1995 na akaishi zaidi ya miaka 28 baada ya hapo. Alionekana misikitini na katika hafla za dini, alifanya mazoezi ya mwili uzeeni, na mwaka 2021, akiwa na miaka 96, akatoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Alifariki tarehe 29 Februari 2024. Tunawataja si kwa kuwa walikuwa marais. Tunawataja kwa kuwa kila mmoja alikuwa na jambo la kuamkia asubuhi ambalo halikutegemea cheo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yeyote ambaye Kiyama kimemkuta na mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Mstaafu wa Tarime ana ardhi yenye rutuba na mvua za vuli na masika. Kahawa huchukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa. Aliyeipanda akiwa na miaka 57 ataanza kuvuna akiwa na miaka 60. Mwalimu mstaafu wa hesabu anaweza kuwakusanya watoto wa madrasa jioni, baada ya Alasiri, akawafundisha sehemu na asilimia, ambazo bila hizo hata mirathi haigawanyiki. Muuguzi mstaafu anajua kupima shinikizo la damu, na msikitini kila Ijumaa wamejaa wazee wasiojua lao. Mhasibu aangalie vitabu vya msikiti, na tunaamini kamati nyingi zitashtuka kwa faida. Saa za namna hiyo hupatikana kwa urahisi. Kinachokosekana ni mtu aliyeanza kuzizoea kabla. Mtume (S.A.W.) alituhimiza kuzitumia tano kabla ya tano, na miongoni mwake ni faragha kabla ya shughuli, ujana kabla ya uzee na afya kabla ya maradhi. Asiyeweza kukaa msikitini kati ya Magharibi na Isha akiwa na miaka 40 hatarajii kuwa magoti yatamruhusu kwa urahisi akiwa na 61.

Ndiyo maana tunawaelekea waliobakiza miaka mitatu au mitano. Mna mtihani wa majaribio kila mwaka, nao ni likizo ya siku 28. Wapo wanaoiuza kwa kuendelea na kazi, na wapo wanaoimaliza mjini wakishughulikia viwanja. Mwaka huu ichukueni yote. Nendeni nyumbani Mugumu, Nyamwaga au Sirari, mkae siku zote 28 bila kuondoka. Wiki ya kwanza mtachoka, na watu wa nyumbani watachoka nanyi. Muulizeni mama watoto afanye orodha ya kazi anazozifanya kuanzia Alfajiri hadi Isha, mchague tatu mzibebe ninyi, na moja kati ya hizo iwe ya maji au ya jikoni. Jioni mkae na watoto baada ya Magharibi, kila mmoja asome alichohifadhi, na baba naye asome chake mbele yao hata kama ni sura fupi na amesahau aya. Kufikia siku ya ishirini hivi, mtoto mwenye shida ya ada ataanza kuja kwa baba kabla ya kwenda kwa mama.